Aliyepigwa Picha Ana Jina

Imekuwa desturi, kila yanapozungumzwa mambo ya utalii, kuwasikia watu wazima wenye akili zao wakisema kwamba picha haimdhuru mtu. Mgeni amekuja, wanasema, ametazama, amebonyeza kamera yake, ameondoka, ng'ombe wako wamo zizini, watoto wako wapo nyumbani, na sura yako ungali nayo usoni, umepungukiwa nini? Wengine huongeza kwamba mgeni huyo ameacha fedha za kigeni, kwa hiyo anayelalamika ni mtu asiyelitakia taifa maendeleo. Maneno haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama dua, na walio wengi huitikia amina bila kuyapima. Makala hii inayapinga.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kamera zivunjwe, wala msafiri azuiwe mpakani apekuliwe mkoba. Wapo wapigapicha waliotembea duniani kwa adabu wakatuletea habari za watu ambao bila wao tusingewajua. Tunalolisema ni hili: picha ya mtu ikichapwa, ikauzwa au ikatundikwa ukutani bila jina lake, bila mahali wala mwaka, huku jina la aliyeipiga likiandikwa pembeni kwa herufi safi, huo ni unyonyaji. Ni unyonyaji kwa maana ile ile tuijuayo tangu zamani: mmoja ametoa, mwingine amechuma, na hesabu ya aliyetoa haikuandikwa popote.

Mambo haya yakizungumzwa kwa jumla hupotea hewani, kwa hiyo tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa makini. Huko Kordofan ya Kusini, nchini Sudan, ipo nchi ya Milima ya Nuba. Wakazi wake si kabila moja; ni jamaa nyingi zenye lugha zipatazo arobaini, wakulima wa mtama na wafugaji, ambao wengi mababu zao walipanda milimani kuwakimbia watekaji wa watumwa. Wamo Waislamu, wamo Wakristo, na wamo wanaoshika dini za jadi, mara nyingine katika nyumba moja. Mwaka 1949 alifika huko Mwingereza George Rodger akapiga picha za mieleka. Moja kati ya hizo, ya mshindi aliyejaa majivu mwilini akiwa amebebwa mabegani mwa mwenzake, imezunguka dunia nzima. Rodger alikuwa mtu aliyeona makubwa. Aprili 1945 aliingia katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen iliyokuwa imekombolewa na majeshi ya Uingereza, na alipojikuta anazipanga maiti zikae vizuri ndani ya lenzi yake, alijiogopa mwenyewe, akaapa kutopiga tena picha za vita.

Picha zake za Nuba zilimvutia Mjerumani mmoja, Leni Riefenstahl, yule aliyewatengenezea Wanazi filamu ya mkutano wao wa Nuremberg wa mwaka 1934 na ile ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936. Bibi huyo alimwandikia Rodger akiahidi fedha ili aelekezwe kwa watu wale. Rodger, ambaye Belsen ilikuwa haijamtoka machoni, alikataa. Lakini mwaka 1962 Riefenstahl alifika mwenyewe, akarudi tena na tena, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa cha picha za rangi ambacho jina lake la Kijerumani liliwaita Wanuba watu kama wa nyota nyingine. Toleo la Kiingereza lililofuata likawaita Wanuba wa mwisho. Mwaka 1976 akatoa cha pili, juu ya watu wa Kau, upande wa kusini mashariki wa milima hiyo.

Ndugu msomaji, yatafakari majina hayo mawili. Watu wa nyota nyingine. Watu wa mwisho. La kwanza linawatoa duniani, la pili linawatoa katika wakati. Basi Wanuba wenyewe walikuwa wapi miaka hiyo? Walikuwa papa hapa duniani, wakishughulika. Katikati ya miaka ya 1960 kasisi Philip Abbas Ghabush na wenzake waliunda umoja wa kisiasa wa Milima ya Nuba, wakaingia katika uchaguzi wa mwaka 1965, wakapata viti bungeni Khartoum, wakadai kodi ya kichwa ifutwe na nchi yao ipewe haki yake katika maendeleo. Vijana wao walikuwa mijini wakifanya kazi na wengine jeshini. Miaka ya 1970, wakati vitabu vile vinapambwa katika madirisha ya maduka ya Ulaya, kijana Yusuf Kuwa Mekki, aliyekuja kuwa mwalimu na kisha kiongozi wa mapambano, alikuwa pamoja na wanafunzi wenzake wakijenga chama cha siri walichokiita Komolo, neno ambalo kwa lugha ya Miri maana yake ni vijana. Watu wanaoanzisha chama na kukiita Vijana ndio hao walioitwa watu wa mwisho!

Ni kweli kwamba maandishi ya Riefenstahl yanawataja baadhi ya rafiki zake kwa majina, na ni kweli pia kwamba mwaka 2000, akiwa na miaka tisini na saba, alirudi Sudan kuwaulizia, helikopta yake ikaanguka, akapona. Haki yake tumpe. Lakini mapenzi si ushahidi. Mtu anaweza kumpenda mwingine kama apendavyo chungu cha kale, asitake kiguswe. Bibi huyu alipowaona Wanuba wameanza kuvaa nguo alihuzunika na kuandika huzuni yake, kana kwamba walimvunjia mkataba. Mwaka 1975 mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag alidai waziwazi kwamba jicho lililowatazama Wanuba ni lile lile lililowatukuza askari wa Hitler: jicho linaloabudu mwili wenye nguvu, lisilouliza mwenye mwili ana mawazo gani. Ubishi juu ya neno hilo umeendelea tangu hapo. Sisi hapa tunashughulika na la karibu zaidi.

Linahusu sanaa. Vijana wa Nuba ya kusini mashariki walikuwa na ufundi wa kujichora mwili, ambao mtaalamu wa mila James Faris, aliyeishi nao, aliueleza katika kitabu cha mwaka 1972. Haukuwa upakaji wa ovyo. Rangi alizoruhusiwa kijana kuzitumia zilifuata rika lake. Mchoro aliuchagua mwenyewe, akaufuta, akauchora upya, na wenzake waliupima ubora wake kwa jicho kali, kama mafundi wa Unguja wanavyopimana kwa nakshi za milango. Kwa hiyo katika picha moja ya kijana wa Kau mna wasanii wawili: aliyeshika kamera na aliyejichora. Wa kwanza alipata jina, hakimiliki na sifa. Wa pili amegeuzwa mchoro. Wanunuzi waliufungua ukurasa, wakasema, tazama rangi zilivyo nzuri, wala hawakujua kwamba rangi hizo zina mwenyewe na zina sheria.

Yaliyofuata yanajulikana. Vita vilipofika milimani miaka ya 1980, na Januari 1992 watawala wa Kordofan walipotangaza jihadi, vijiji vilichomwa, misikiti na makanisa yakaharibiwa, watu wakaswagwa kambini. Mapigano yalisimama Januari 2002, yakaanza tena Juni 2011, na tangu Aprili 2023 Sudan nzima imeingia motoni. Mamilioni ya watu wa nje walikuwa wameuona mwili wa Mnuba. Ni wangapi walioweza kuwauliza wabunge wao habari za Wanuba? Aliyeambiwa kwamba hawa ni watu wa mwisho hakuona ajabu kusikia wanakwisha. Hapo ndipo palipo na madhara ya picha, nayo si madogo: inamwandaa mtazamaji apokee kifo cha watu kama anavyopokea machweo ya jua.

Hila hii haikuanzia Sudan. Marekani, kati ya mwaka 1907 na 1930, Edward Curtis alitoa mabuku ishirini ya picha na habari za Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile. Ni kazi kubwa, na vizazi vya wenyeji wenyewe hupata humo sura za babu zao. Lakini imo picha ya wazee wawili wa Piegan wameketi ndani ya hema lao, na katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Picha ilipochapwa, saa ilikuwa imefutwa. Wazee wamebaki, mabomba yao ya tumbaku yamebaki, saa haipo. Nani aliombwa ruhusa ya kuifuta? Mzee yule alinunua saa yake, akaiweka mbele yake siku ya kupigwa picha kwa sababu alitaka aonekane nayo, kama babu zetu walivyoweka redio mezani na kalamu mfukoni. Mpigapicha akaona saa hiyo inamharibia biashara, maana alikuwa anauza watu wasio na saa.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi mambo ni mengine. Tuwajibu kwa sura ambayo bila shaka wameiona. Desemba 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Juni 1985 ikatoka katika jalada la gazeti la National Geographic, na tangu hapo hakuna picha ya mkimbizi iliyojulikana zaidi. Kwa miaka kumi na saba aliitwa Msichana wa Kiafghani, basi. Aliyempiga hakuondoka na jina lake. Mwaka 2002 walirudi kumtafuta, wakampata, ikajulikana kwamba anaitwa Sharbat Gula, kwamba ni mke wa mtu na mama wa watoto, na kwamba picha ile hakuwa amewahi kuiona. Oktoba 2016 polisi wa Pakistani walimkamata kwa kosa la kuwa na kitambulisho cha uongo, akarudishwa kwao. Na mwaka 2021, Taliban waliporejea Kabul, Italia ikampa hifadhi. Uso uliojulikana kuliko nyuso zote za wakimbizi haukumtosha mwenyewe kupata kitambulisho halali.

Watetezi watasema kwamba baada ya mwaka 2002 gazeti hilo lilianzisha mfuko wa kuwasaidia wasichana wa Kiafghani kusoma. Vema. Lakini msaada uliokuja miaka kumi na saba baadaye haujibu swali la siku ya kwanza, ambalo ni jepesi kuliko kubadilisha lenzi: unaitwa nani, binti? Na si sisi pekee tusemao. Aprili 2018 gazeti hilo hilo, chini ya mhariri wake Susan Goldberg, lilimwomba mwanahistoria John Edwin Mason alichunguze makala na picha zake za zamani, kisha likakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa miaka mingi liliwaonyesha watu wa mabara mengine kama vioja, aghalabu wakiwa nusu uchi, mpaka miaka ya 1970. Mwenye duka amekiri kwamba mizani yake ilikuwa na kasoro; sisi wateja tungali tunaitetea!

Ipo hadithi moja inayopendwa sana katika vitabu vya wasafiri, kwamba Mwafrika anaiogopa kamera kwa kuwa inamwibia roho. Hadithi hii ni kasumba tupu. Augustus Washington, mtu mweusi kutoka Marekani, alikuwa anapiga picha Monrovia katika miaka ya 1850. Unguja, studio ya A. C. Gomes, Mgoa, ilikuwa inafanya kazi tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Lamu, Omar Said Bakor aliwatengenezea watu picha za mapambo ambazo hata mabingwa wa Ulaya walizistaajabia baadaye. Watu walikwenda studio wakiwa wameoga, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kanga mpya, wakalipa, wakangoja, wakarudi kuchukua picha zao, wakaziweka katika fremu ukutani. Roho haikuibiwa. Walilolikataa na wanalolikataa mpaka leo si picha, ni kupigwa picha kama mbuzi mnadani.

Angalia tofauti hiyo ilivyojitokeza katika studio hizo za pwani. Aliyelipa alipewa picha yake, na katika daftari la fundi aliandikwa jina. Lakini studio hizo pia zilitengeneza kadi za posta za kuwauzia abiria wa meli, na katika kadi hizo mwanamke aliyeketi kwenye kiti kile kile, mbele ya pazia lile lile, hakuwa tena na jina. Aliandikwa Mwanamke wa Kiswahili, au Mzuri wa Zanzibar, kama vile gunia linavyoandikwa Karafuu. Tena aliyeshika kamera hakuwa mzungu, alikuwa jirani. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dhambi hii ina rangi ya ngozi. Ni kibarua cha soko, na kila awaye yote anaweza kuajiriwa.

Hata msanii mwenye studio yake hakusalimika. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alipiga picha za maelfu ya watu wa mji wake katika miaka ya 1940 hadi 1960, picha ambazo kila aziangaliaye husema huyu ni fundi mkuu. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilitundikwa katika maonyesho ya sanaa za Kiafrika mjini New York, na pahali pa jina la mpigapicha paliandikwa kwamba hajulikani. Keïta alikuwa hai, yuko Bamako, na mtaa mzima unamjua. Alikufa mwaka 2001 baada ya dunia kumjua kwa jina, lakini ilibidi watu wafunge safari kumtafuta mtu ambaye hakuwa amepotea.

Na sasa nyumbani. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu elfu moja na kitu, ambao wageni huletwa kwao alfajiri kwenda kuwapiga picha wakiwinda nyani na kupekecha moto. Katika matangazo ya safari wanaitwa wawindaji wa mwisho. Msomaji ataona kwamba neno lile la Nuba limefika kwetu, halikulipa hata ushuru. Lakini Wahadzabe hao hao, Oktoba 2011, walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao katika bonde la Yaeda, hekta zipatazo elfu ishirini, baada ya kuidai kwa miaka, na kisha wakaingia katika biashara ya hewa ya ukaa, wakilipwa kwa kuutunza msitu wao. Katika maelfu ya picha zao zinazosambazwa, mtafute Mhadzabe aliyeshika hati ile. Humpati. Mtu mwenye hati ya ardhi hauziki kama mtu wa mwisho, kwa hiyo hati inafutwa, sawasawa na ile saa ya mzee wa Piegan.

Na usafi wa nyumba uanzie ukumbini. Nani anayechapa kalenda zenye picha ya bibi kizee mwenye chale za Kimakonde, chini yake maneno "Utamaduni Wetu"? Nani anayepamba kuta za hoteli na ofisi kwa morani anayeruka, asiye na jina wala kijiji? Nani anayemwambia mwenyeji avue saa ya mkononi na viatu vya plastiki kabla mgeni hajashuka garini? Ni sisi wenyewe, tena tukiwa na shahada. Siku hizi kuna vijana wetu wa mjini ambao huenda mikoani na simu zao, wakawapiga picha wakulima wenzao kwa jicho lile lile la mgeni, wakazitupa ulimwenguni kabla ya jioni. Bibi akiuliza, mjukuu wangu, unaipeleka wapi sura yangu? Hujibiwa kwa kicheko.

Serikali nayo iliwahi kuliona jeraha hili, ikalitia dawa isiyolifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkoani Arusha, iliendeshwa kampeni ya kuwavalisha Wamaasai suruali, na hoja mojawapo iliyosemwa wakati huo ni kwamba raia wetu wasiwe maonyesho ya watalii. Hoja ilikuwa na uzito. Lakini mtalii hakumwuliza Mmaasai alipompiga picha, na aliyemvalisha suruali naye hakumwuliza. Lubega haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika biashara iliyomfanya aliyeivaa awe bidhaa, na biashara hiyo haikuguswa. Ikaendelea, na leo inatoza kiingilio mlangoni mwa boma, fedha zikiingia katika fungu ambalo mama aliyepigwa picha mara mia kwa siku halijui mizania yake.

Watu wengine wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kumpokea mgeni bila kumkabidhi sura. Wahopi wa Arizona, Marekani, waliona mwanzoni mwa karne ya ishirini jinsi ngoma zao takatifu zilivyozingirwa na kamera, wakapiga marufuku. Mpaka leo katika vijiji vyao hupigi picha, hunasi sauti, wala huchori kwa penseli. Na wageni bado wanakwenda, wanatazama kwa macho waliyopewa na Mungu. Kyoto, Japani, katika mtaa wa Gion, wasichana wanaojifunza kazi ya ugeisha walikuwa wakikimbizwa vichochoroni na watalii kama kuku. Mwaka 2019 wenyeji wakaweka mabango: katika njia za watu binafsi, picha ni marufuku, faini yen 10,000. Hakuna aliyesema kwamba Wajapani ni washamba wanaoogopa kuibiwa roho. Hakuna aliyewaambia kwamba wanalinyima taifa fedha za kigeni. Kwa nini Mjapani akikataa aitwe mwenye haki, na Mbarbaig akikataa aitwe mkaidi?

Hapa kwetu sheria haikosekani. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda heshima ya mtu na hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigapicha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na hakuna kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Aliyenyimwa fedha za wakili anajua kwamba sheria iliyo kabatini haimsaidii. Kinachotakiwa ni masharti machache yasiyohitaji Bunge kukaa. Wenye leseni za kuongoza watalii wawajibike kumfasiria mwenyeji, kwa lugha yake, picha inaendea wapi, na kumfasiria mgeni jibu lake hata kama jibu ni hapana. Idara na mashirika ya umma yasinunue wala yasichape picha ya mtu mzima isiyo na jina, mahali na mwaka, ila pale mwenyewe anapotaka jina lake lisitajwe, na hilo nalo liandikwe. Sanaa iliyomo pichani, iwe kinyago, nakshi, ukili au mwili uliochorwa, itajwe fundi wake. Picha ya kuuza iwe na fungu la mwenye sura, kama ilivyo na fungu la mwenye kamera. Nyumba zetu za makumbusho zina picha za tangu enzi za Wajerumani zilizoandikwa "mwenyeji", "mpagazi", "mke wa jumbe". Zirudishwe vijijini zilikopigwa, zitazamwe na wazee wangali hai, majina yanayoweza kupatikana yapatikane.

Kazi ya namna hiyo si ndoto. Mwaka 2018 mirathi ya Riefenstahl, masanduku mia saba hivi, ilikabidhiwa taasisi ya Berlin isimamiayo makumbusho ya nchi ile. Ndani yake zimo sura za watu wa Milima ya Nuba ambao watoto na wajukuu wao wametapakaa leo katika kambi za wakimbizi, Kakuma ikiwa mojawapo, hapa Afrika Mashariki. Wapo wanaoweza kusema huyu ni baba yangu, huyu ni mjomba, yule alikuwa bingwa wa mieleka wa kijiji chetu. Berlin ina fedha za kutosha kuzipeleka nakala za picha hizo Kakuma.

Na sisi tunazo za kutosha kufika Eyasi. Kalenda za mwaka ujao huanza kupelekwa mitamboni mwezi wa kumi. Upo muda wa kumtuma mtu, na daftari, akaulize majina.